Namba Chini ya Fremu

Karanja tulimzika Ijumaa kule Dagoretti, nyuma ya nyumba yake, karibu na zizi alilokuwa amelijaza fremu za baiskeli badala ya ng'ombe. Waendesha baiskeli walikuja wengi kuliko jamaa zake. Waliegemeza baiskeli zao kwenye ua, moja juu ya nyingine, na mimi badala ya kusikiliza mahubiri nikawa naangalia ni cheni zipi zimekauka. Baadaye emsii, yule mwendesha shughuli, akasimulia kile kisa ambacho kila mtu wa baiskeli upande huu wa mji anakijua: jinsi Karanja alivyomlalia Joram barabarani Kabiria siku watu walipotaka kumuua, mgongo wake ukapokea mawe yaliyokuwa ya mwenzake. "Kuna mtu fulani," emsii akasema, "alidanganya watu ati baiskeli ya Joram ni ya wizi." Watu wakaguna. Joram alikuwa ameketi viti viwili mbele yangu, mkono wake wa kushoto juu ya paja, vidole vimekunjika na kushikana vile vilivyopona. Huyo mtu fulani ni mimi. Sikudanganya, lakini hilo halipunguzi kitu. Nina miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili nimemtengenezea Joram baiskeli yake bila kumwambia. Jeneza lilipokuwa likishuka niliona kwamba aliyekuwa akinifichia ameondoka, na kwamba siku hiyo hiyo, kabla sahani za chakula hazijaoshwa, ni lazima nimwambie.

Mambo ya kwetu Machakos nitayaruka. Mwaka ninaotaka kuusema ulianza siku nilipoingia kwenye chumba cha mabati kando ya barabara ya Kabiria, nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha ufundi ambacho hakuna gereji iliyotaka kukisoma kwa sababu aliyekishika alikuwa amevaa sketi. Karanja naye hakukisoma. Alinipa rimu, habu ya katikati, spoku thelathini na mbili na ufunguo mdogo wa kukazia, akaniambia nikimaliza gurudumu lizunguke bila kutikisika, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi alilizungusha, akaliangalia mpaka likasimama lenyewe, akalitupa sakafuni kwa nguvu zake zote. Akaliokota, akalizungusha tena. Halikuwa limepinda. "Kesho kuja saa mbili," akasema, na huo ndio uliokuwa mkataba wetu wa kazi. Watu hudhani gurudumu la baiskeli ni kitu cha upole, linavyokwenda kimya. Mimi niliyeyasuka magurudumu kwa mikono najua ndani yake hakuna amani. Kila spoku inavuta rimu upande wake, nyingine inavuta kinyume, na linanyooka tu kwa sababu hakuna inayoshinda. Ukikata spoku moja iliyokazwa vizuri inaweza kukutoa jicho.

Karanja alikuwa hivyo hivyo. Aliwahi kushindana mbio hadi akavunjika nyonga, na hasira iliyokuwa ikiishia kwenye pedali ikabaki mikononi. Wateja wake walikuwa wakubwa wa Lavington na Westlands walioshikwa na uchizi wa baiskeli, na aliwatesa nao wakarudi. Mtu akija kuchagua baiskeli kwa rangi, alifukuzwa. Alimsimamisha mteja dhidi ya ukuta miguu wazi, akamsukumia kitabu kikubwa katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, akapima kutoka hapo hadi sakafuni ndipo akamwambia fremu yake ni ipi, na mwanamume mzima mwenye dereva nje alisimama akivumilia. Wakili mmoja alileta cheni inayonuka chapati, kwa kuwa alikuwa ameipaka mafuta ya kupikia, na Karanja akamzaba kofi mbele ya mkewe. Wakili aliomba msamaha. Wiki iliyofuata alinunua pedali mpya na viatu vya kubana kwenye pedali, na mara ya kwanza aliposimama kwenye taa za Adams Arcade akasahau kuvibandua, akaanguka ubavu na kuvunjika kiwiko. Sisi tulicheka hadi tukalia.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza walikusanyika pale Adams Arcade, wakapanda Ngong Road hadi milimani, wakarudi saa sita wakiwa na chumvi mashavuni. Walijazana kwenye chumba chetu wakala mandazi ya Mutiso, aliyekuwa na karai lake mlango wa pili, wakabishana kuhusu gramu. Nimekaa na watu wengi wanaosali, lakini sijawahi kuona imani kama ya mwanamume mwenye kitambi anayetaka kikalio cha baiskeli kilichopungua gramu themanini. Nje ya mabati yetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka ule tulisikia kila siku mtu aliyepigwa: mume na mke wa ploti ya nyuma waliopigana kwa sufuria, makanga wa matatu waliovunjana chupa, vibaka walioburutwa kutoka Kawangware mashati yakiwa yamewatoka. Tulisikia mayowe, tukainua vichwa, Mutiso akageuza mandazi, tukarudi kazini. Naona aibu kusema kwamba sikuwahi kuuliza yeyote kati yao alikuwa nani.

Nilikuwa na tabia moja ya kujipenda. Ndani ya rimu, chini ya tyubu, kuna ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku visitoboe. Kila gurudumu nililosuka, niliandika juu ya ukanda ule kwa kalamu nene jina la mteja na herufi M, ya Mwende. Hakuna aliyeweza kuiona mpaka afungue tairi. Karanja aliigundua akanicheka, akasema kwamba fundi mwenye akili huandika namba ya fremu kwenye daftari, kwa kuwa vipuri huhama, kiti hiki kinakwenda kule, gurudumu lile linakuja hapa, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma chini ya fremu, pale pedali zinapoungana, haihami. Nilimsikia. Lakini namba zile hazikuwa kazi yangu, na gurudumu lilikuwa kazi yangu, kwa hiyo jicho langu lilikwenda kwenye gurudumu kila mara. Lililo bora kuliko yote nilimsukia daktari wa meno wa Westlands, mtu mpole aliyenisalimia kabla ya kumsalimia Karanja. Baiskeli yake ilikuwa ya buluu. Nilitumia siku mbili kwa lile gurudumu la nyuma, na nilipomaliza nikaandika DAKTARI, M.

Mwezi wa sita Karanja alinitupia pedali. Nilikuwa nimekaza skrubu upande usiofaa nikaharibu uzi wa krenki ya mteja, ule mkono wa chuma unaoshika pedali, akairusha pedali iliyokuwa mkononi, ikanipasua nyusi. Nilishonwa nyuzi saba. Nikakaa nyumbani siku kumi, uso umevimba, nikisikiliza jirani yangu wa Kabiria akimweleza mwenzake kupitia ukutani kwamba nimepigwa na bwana. Niliporudi, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine iliyonifaa, nilimwambia Karanja kwamba nitafanya kazi lakini sitazungumza naye. Tulikaa hivyo zaidi ya mwezi. Nilipotaka kitu nilinyoosha kidole. Na ndiyo sababu sikuwahi kuambiwa yaliyotokea katika zile siku kumi. Daktari alikuja akabadilisha magurudumu yote mawili, akachukua mapya mepesi yaliyoagizwa nje, yale ya kwangu yakabaki yananing'inia kwenye dari. Na Jumapili ya siku hizo hizo mwuza mkate aitwaye Joram, aliyekuwa akisambaza kutoka kiwandani hadi maduka ya Riruta kwa baiskeli nzito ya mizigo, aliwafuata wale wakubwa kwenye mlima akawapita wote huku amebeba kreti tupu. Karanja hakulala. Alitoa fremu ya mtumba, akaipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mkebe, akamwekea Joram lile gurudumu langu la nyuma, akampa baiskeli nzima kama zawadi. Huyo huyo aliyenipasua nyusi. Nami Joram nilimjua kwa sura tu, mtu wa mkate anayepita, na gurudumu lililosukwa vizuri halirudi kwa fundi.

Mwezi wa nane walimuua daktari. Alikuwa anashuka kuelekea Westlands asubuhi kweupe, watu wanne wakamvuta chini, wakamchoma kisu shingoni na pajani, wakaondoka na baiskeli. Aliyeniambia alikuwa mmoja wa wale wa Jumapili, akiwa ameshika glavu moja ya marehemu bila kujua aiweke wapi. Nililia, kisha kilio kikageuka kuwa kitu kingine. Nilianza kutembea na ufunguo wa pedali mkobani, chuma cha urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Kila aliyepita na baiskeli ya maana nilimkazia macho. Sikuwa peke yangu. Pale kwetu watu walimjua daktari, kwa kuwa aliwahi kung'oa meno ya nusu ya mtaa bure kwenye kanisa, na kila mmoja alikuwa anatafuta baiskeli ya buluu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne. Karanja alikuwa nyuma akichomelea. Mutiso aliingia na wanaume wawili wakisukuma baiskeli ya buluu, na Mutiso alikuwa bado na unga mikononi. Alisema wamemshika nayo mtu pale kwenye kona, mwuza mkate, amevaa ndala, wamemwitisha risiti akaanza kukimbia. "Hebu cheki, Mwende," akasema. "Ni ya daktari, ama?" Mtu mwenyewe hakuwepo mlangoni. Alikuwa hatua kama mia kutoka pale, nyuma ya kona, na sikuuliza yukoje wala anaitwa nani. Niliinama nikazungusha gurudumu la nyuma, na mikono yangu ikalijua kabla yangu. Kutoa tairi kwangu ni kazi ya dakika moja. Niliivuta tyubu, nikafunua ukanda, na mwandiko wangu ulikuwa pale. Nilichotakiwa kufanya ni kupindua baiskeli juu chini na kusoma namba, kisha kuilinganisha na ya daktari iliyokuwa kwenye daftari pale kwenye rafu. Sikuipindua. Nilikuwa naangalia jinsi spoku zangu zilivyokaa, miezi yote ile na hakuna hata moja iliyolegea.

"Ni yake," nikasema. "Hii wili nilisuka mwenyewe."

Mutiso alitoka mlangoni akapaza sauti kwa wale wa kona, "Mwende amesema ni ya daktari." Kisha yeye na wale wawili wakakimbia, baiskeli wakaniachia. Nilibaki nimepiga magoti, na nikasikia. Kwanza zilikuwa sauti za watu, halafu zikaja sauti za vitu vinavyogonga mwili, ambazo ni ndogo kuliko mtu anavyofikiri. Nitasema nilivyohisi, kwa sababu hicho ndicho ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nilifurahi. Nilitaka wampige zaidi. Nilikuwa nalia kwa ajili ya daktari, nikifuta rimu kwa kitambaa, na kila pigo nililolisikia lilinituliza.

Karanja alitoka nyuma akiwa na miwani ya kuchomelea kichwani. Aliiona baiskeli. Akazungumza nami kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

"Joram ako wapi?"

Nikamuuliza Joram ni nani.

"Mwenye hii baiskeli. Mimi ndio nilimpatia. Hiyo wili nilitoa hapo kwa dari."

Nilitazama dari, palipokuwa na kulabu tupu. Karanja hakunigusa. Alichukua kile chuma chenye kipande cha cheni tunachotumia kushikia gia za nyuma, akatoka akikimbia na nyonga yake mbovu. Nilichukua ufunguo wa pedali nikamfuata. Walikuwa watu arobaini au zaidi, na wengine walikuwa wateja wa mandazi. Mkate ulikuwa umekanyagwa barabarani kote. Joram alikuwa mtaroni, amejikunja, mkono wa kushoto umewekwa juu ya jiwe na mtu anaupiga kwa jiwe jingine, bila haraka, kidole kwa kidole. Mwingine alikuwa analeta tairi kuukuu la gari, na wa tatu alikuwa anaomba petroli kwa dereva wa lori. Karanja aliingia akizungusha ile cheni, akampasua mmoja mdomo, mwingine sikio, akapiga kelele kwamba baiskeli ni yake, kwamba yeye ndiye aliyeitoa. Hakuna aliyesikiliza. Alipoona hawamsikii akaitupa cheni, akamlalia Joram kifudifudi, akamfunika kichwa kwa mikono. Mawe yakaanza kumwangukia mgongoni. Mimi nilikuwa naita jina langu mwenyewe, nasema ni mimi Mwende, nimekosea, na watu walinisukuma kando kwa upole kabisa, kama mama anayezuia njia.

Mutiso ndiye aliyekuwa ameinua jiwe kubwa. Nilimpiga kwa ule ufunguo kwenye bega, nikasikia mfupa ukivunjika, akaanguka. Nikampiga tena akiwa chini. Mwingine nilimpiga usoni, na huyo simjui hata leo. Nadhani kilichowarudisha nyuma si maneno, ni kuona mwanamke wa pale pale mtaani akipiga watu kwa chuma na hana nia ya kuacha. Dereva wa lori akapiga honi mfululizo, wakalegea, wakatawanyika, na baada ya muda barabara ikawa na sisi wanne tu na mkate.

Mutiso alirudi kwenye karai lake wiki ya pili, mkono mmoja umefungwa kifuani. Nilinunua mandazi mawili. Akanipa, akasema yana moto, nikamshukuru. Tuliendelea hivyo mpaka alipohama, na hatukuzungumzia jambo lile hata siku moja. Hakuna aliyeshtakiwa. Joram alikaa hospitalini miezi mitatu, vidole vya kushoto havikuweza kunyooshwa, na sikio moja likazibika. Karanja alipasuka pingili mbili za mgongo, na tangu hapo hadi kufa kwake alitembea akiangalia chini. Nilimkuta wodini nikataka kuzungumza, akaninyooshea kidole ninyamaze, kama tulivyozoea. Alisema yeye hakuniambia na mimi sikupindua, kwamba tumekosa wawili, lakini mtu mwenye kovu jipya kwenye nyusi haongezewi mzigo. Akasema atamwambia Joram ni makosa ya umati. Sikuwahi kupigwa naye tena. Kabla sijaondoka akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo, mtu yeyote akileta baiskeli, hata kuwekwa upepo, niipindue kwanza nisome namba.

Nimefanya hivyo kwa kila mtu. Karanja alipostaafu nikafungua duka langu karibu na Adams Arcade, na wateja, wanaoniita Mama Kioko kwa jina la mwanangu, wamezoea, wanasema ni uchawi wa mama wa baiskeli: kabla ya salamu kuisha baiskeli iko juu chini na mimi nasoma namba kwa sauti. Ila ya Joram. Huja mara moja kwa mwezi, na ile ile ya buluu. Nilimfungia breki zote mbili zishikwe kwa mkono wa kulia, na gurudumu la nyuma nimelisuka upya mara nne. Naipandisha kwenye stendi ikiwa wima, nafanya kazi yangu, naishusha. Sikuweza kuipindua. Nilijiambia hakuna haja, naijua.

Pale mazishini walipakua wali, minji na viazi. Nilimkuta Joram nyuma ya jikoni, ananawa kwenye bomba, anausugua mkono wa kulia kwa ngumi ya ule wa kushoto. Nilisimama upande wa sikio lake zima. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakabaki machache.

"Yule mtu emsii amesema ni mimi," nikamwambia. "Nilifungua tairi nikasoma mwandiko wangu. Sikupindua baiskeli."

Alifunga bomba. Alijifuta kwenye suruali, polepole, pande zote.

"Najua, Mama Kioko. Mutiso aliita jina lako kwa nguvu. Wakati huo hawakuwa wamefikia masikio."

Nilishika ukuta wa jikoni. Nilimuuliza kwa nini basi aliendelea kuniletea baiskeli, miaka yote hiyo, na mafundi wamejaa mji mzima.

"Kila mtu akija kwako unapindua yake," akasema. "Nilikuwa nangoja upindue yangu."

Akaenda kwenye ua, nikamfuata. Aliitoa ile ya buluu katikati ya nyingine, akaishika kwa mkono wake mmoja mzuri, akaisukuma na goti, akaisimamisha juu chini, kiti na usukani vikazama kwenye nyasi. Hakunisaidia kupiga magoti. Chini ya fremu palikuwa na matope na grisi ya miaka, nikasugua kwa ncha ya leso niliyojifunga kwa ajili ya mazishi, mpaka chuma kikaonekana na alama zikatokea moja moja.

"Soma."

Nilisoma. Tano, saba, sifuri, sita, mbili, mbili, nane. Sauti ilinitoka ndogo.

"Rudia, Mwende," akasema. "Wale wa kwa tenti hawajasikia."

Nikavuta pumzi nikarudia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, namba baada ya namba, na kule kwenye tenti watu wakaanza kuweka sahani chini na kugeuka.